Nyumba ya Mfano Kule Homa Bay

Kufikia umri niliokuwa nao mwaka ule, hapakuwa na kitu chochote kilichobaki cha kunishangaza. Nilianza na baiskeli moja, nikibeba ngozi za ng'ombe kutoka mpakani mpaka Migori, na nikifika nilikuwa nanuka hivi kwamba mbwa walinisindikiza mpaka mlangoni. Baada ya baiskeli likaja duka, baada ya duka mashine ya kusaga, baada ya mashine lori. Shule nilifika darasa la tatu. Nilimwona mwalimu anavaa suruali moja kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa, nikajiuliza huyu ananionyesha njia ya kwenda wapi, nikachukua kofia yangu nikatoka. Wale waliobaki darasani walikuja baadaye kuniomba kazi ya kupakia magunia. Niliwapa. Mimi si mtu wa kinyongo.

Kilichonishinda kilikuwa kimoja tu, nacho ni kaka yangu mkubwa.

Kwetu sisi Wajaluo, mtoto wa kiume hatoki katika boma la baba yake kwenda kuanzisha lake mpaka kaka yake mkubwa atoke kwanza. Hii si sheria ya serikali, kwa hiyo haina rufani. Kaka yangu alikuwa amekaa pale kwa marehemu baba yetu miaka kumi na sita akijiandaa kutoka. Alikuwa na mke, watoto watano, na maandalizi.

"Omera," nilikuwa nikimwambia, maana hivyo ndivyo ndugu huitana, "utahama lini?"

"Mvua ikiisha."

Mvua ikiisha, namuuliza tena.

"Omera, na jua hili?"

Hivyo mimi, mwenye lori, mwenye watu wa kunifungulia duka asubuhi, nikitoka Migori kwenda nyumbani nililala katika kibanda cha nyasi karibu na lango, mahali wanapolala vijana wasiooa. Mke wangu alilala humo. Watoto wanne walilala humo. Nikigeuka, kuta zilikuwa zinajua. Wazee waliopita njiani walikuwa wananisalimu vizuri sana, kisha wanatazama kile kibanda, kisha wanatazama lori, kisha wanaendelea na safari yao wakiwa wamefurahi.

Sasa, miaka michache baada ya uhuru, yalitangazwa maonyesho ya kilimo pale Homa Bay. Tangazo lililetwa dukani kwangu na kubandikwa ukutani bila mtu kuniuliza. Lilisema familia zote zije zijifunze maisha bora. Mke wangu alilisoma mara tatu, yeye ndiye msomaji, akasema anataka kwenda na watoto. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ametoka hospitalini mwezi uliopita, amekonda miguu kama ya korongo, na mama yake alitaka acheke kidogo. Nikasema nitawapeleka wote, kwa lori langu, bure.

Neno bure lilimfikia kaka yangu kabla sijamaliza kulitamka. Asubuhi ya safari nilimkuta amesimama kando ya lori na koti.

Mbele tulikaa mimi, mke wangu na baba yetu mdogo, yaani ndugu wa marehemu baba, ambaye tangu msiba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani. Mzee huyu alikuwa amesikia kwamba kuna ng'ombe dume mkubwa kuliko nyumba, akataka kumwona kabla hajafa. Nyuma walikaa watoto, na kaka yangu juu ya gunia tupu, akitangaza kwamba nyuma ndiko kwenye hewa nzuri. Tulipofika Homa Bay hewa hiyo ilikuwa imempaka vumbi jekundu mpaka kope.

Langoni nililipia watu wote. Sikuhesabu. Mtu wa langoni alihesabu.

Basi tukaelimishwa. Kulikuwa na choo ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitumia, na mbele yake kijana wa serikali akieleza namna ya kukitumia. Kulikuwa na ng'ombe aliyechorwa ubaoni akiwa amepasuliwa ubavu, matumbo yote nje, ili tujue kilicho ndani ya ng'ombe. Nimechinja ng'ombe tangu nikiwa na meno ya utotoni. Nilisimama nikasikiliza kwa adabu. Kulikuwa pia na ramani ya wilaya nzima iliyofinyangwa kwa udongo, ukubwa wa uwanja wa kuchezea watoto, na ziwa lake la maji ya kweli, na visiwa vya mawe. Jamaa mmoja aliyetoka Mfangano alikuwa amechutama pale anagombana na mwenye ramani.

"Hiki ni nini?"

"Ni Mfangano, mzee."

"Hili jiwe? Na Takawiri?"

"Hii changarawe hapa."

"Mimi nina shamba la mihogo Mfangano. Niwekee shamba langu hapa nione."

Mtoto wetu mdogo alivuka ziwa zima kwa hatua moja akacheka, mara ya kwanza tangu hospitalini. Mama yake aligeuka upande mwingine akajifanya anafunga kitambaa. Kwa hilo peke yake, nilikuwa tayari kuwasamehe kile choo.

Dume tulimwona. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, akasema si mkubwa kuliko nyumba, akadai chai.

Huko njiani nilinunua vitu viwili. Kwenye banda la vifaa nilinunua shoka jipya, mpini umepakwa rangi, kwa sababu shoka la nyumbani lilikuwa na kaka yangu na likiwa naye halikuwa shoka tena, lilikuwa stuli. Nikaliweka begani. Kwenye banda la kuku nilinunua jogoo mweupe wa kizungu, mzito kama mtoto, ili awaelimishe kuku wangu. Huyo alibebwa na mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka minane na hakutaka mtu mwingine amguse.

Ndipo tukafika kwenye nyumba ya mfano.

Ilikuwa imejengwa katikati ya uwanja, ya pembe nne, paa la mabati, madirisha ya vioo, chanja ya vyombo nje, ua umeizunguka yote na lango la mbao. Juu ya lango kulikuwa na kibao kilichoandikwa Nyumba ya Mfano. Bwana shamba aliyeisimamia alitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, ukikisikiliza unasahau alichosema. Alikuwa na kipaza sauti.

"Tunaomba familia moja yenye heshima zake," alisema, "ijitokeze, iingie katika makazi haya, iketi, ipike chai, ili wananchi wajionee maisha bora."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikitafuta familia yenye heshima. Nikaona yangu tu.

Bwana shamba alifurahi kutuona. Alitupanga kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayepanga chupa dukani. "Mzee atangulie, ndiyo adabu. Baba wa nyumba afuate. Shoka libaki begani, Bwana, linaonyesha bidii. Mtoto mkubwa na jogoo wake awe karibu na baba. Mama aje na moto." Pale pembeni bibi wa maendeleo, yule mama wa serikali anayefundisha upishi, alikwishachukua makaa kwa muuza chai, akayaweka juu ya kifuniko cha debe, akampa mke wangu mkononi, ili akawashe lile jiko la kuinuliwa lisiloumiza mgongo.

Watu walikuwa wengi. Nilivuta koti. Nakumbuka niliwaza kwamba huyu mtu wa pwani ni mtu anayejua mpangilio.

Mzee akapita langoni, nikapita, mtoto akapita. Mlangoni kabisa mke wangu akasimama.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo.

"Nini?"

"Nimeshika moto."

"Naona. Ingia, watu wanatungoja."

Alinitazama kidogo. Akaingia. Akaweka makaa jikoni, akapuliza, moto ukashika. Na yule jogoo wa kizungu, ambaye tangu anunuliwe hakuwa ametoa hata pumzi, akanyoosha shingo akawika.

Nje, kelele zote zikakatika.

Dirishani palikuwa na mama mmoja mwenye karai la samaki kichwani. Alisema bila haraka, kama mtu anayesoma orodha, "Huyu ameanzisha boma. Mzee mbele, shoka, jogoo, moto, mke, mtoto wa kwanza. Hakusahau kitu."

Naeleza kwa asiye wa kwetu. Mwanamume anapotoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma, huongozwa na baba au ndugu wa baba. Huenda na shoka, mwanawe wa kwanza hubeba jogoo, mkewe hubeba moto. Moto ukishawaka ndani, basi boma limeanzishwa. Hakuna hati, hakuna muhuri. Vitu vyote hivyo nilikuwa nimevikusanya kimoja kimoja tangu asubuhi, kwa pesa zangu, nikitembea kifua mbele, na sikuona hata kimoja, kwa kuwa nilikuwa naangalia wanaoniangalia. Mzee naye alikuwa anawaza chai.

Mtu mwingine akauliza nje, "Kwani huyu ndiye mkubwa kwao?"

"Hapana," alijibu kaka yangu. "Mkubwa ni mimi."

Alikuwa amekaa juu ya gunia la mbolea la maonyesho. Alivua kofia akaiweka gotini. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameshikwa na jambo, lakini siku ile uso wake ulikuwa umeshikwa.

Nikatoka nje. "Omera, hii ni nyumba ya serikali."

"Moto si wa serikali. Mke si wa serikali."

"Ni maonyesho tu."

"Umeonyesha." Alipangusa kofia vumbi. "Miaka kumi na sita unanisukuma. Umeona sisukumiki, sasa umeniruka. Tena kwa kipaza sauti."

"Ungehama ulipoambiwa, nani angekuruka?"

"Una lori, una duka, una mashine. Mimi nina kitu kimoja tu, kwamba nilizaliwa kabla yako. Hicho nacho ulikuja kukichukua Homa Bay."

Nikalishusha shoka begani.

Mdogo akimruka mkubwa, kwetu kinachofuata huitwa chira. Mtu anakonda bila sababu, mtoto anadhoofika, na dawa ya hospitali haioni pa kuingilia. Mimi kwa desturi nasema siamini mambo hayo, hasa nikiwa Migori, hasa mbele ya wateja. Mke wangu hakuwa Migori. Alitoka ndani amembeba yule mtoto wetu mdogo mgongoni, na ile miguu ya korongo inaning'inia pande zote mbili.

"Sitapika," alisema.

"Wapi?"

"Kwako. Si kijijini, si kule Migori nyuma ya duka tunakoishi. Mpaka jambo hili linyooshwe sitawasha moto chini ya paa lako, na hawa watoto hawatakula kilichopikwa humo na mtu mwingine."

"Watakula wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Kwa siku ngapi?"

"Muulize kaka yako. Mtoto huyu nimemrudisha kutoka hospitalini mara moja, Baba watoto. Sina nguvu ya mara ya pili."

Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Akisema kwamba anaenda, huwa amekwisha kufunga mzigo.

Bwana shamba alikuja na kipaza sauti chake kimezimwa. "Je, pana kasoro katika nyumba?"

"Hakuna kasoro," nilimwambia. "Imefanya kazi zaidi ya mlivyotarajia."

Tukamgeukia mzee. Alisema hawezi kuamua jambo kubwa hivyo bila chai, na chai ikaja, na akatia sukari vijiko vinne huku uwanja mzima wa maisha bora ukimngoja. Wale waliokuwa kwenye choo cha mfano walikuja pia, kwa sababu hapa palikuwa na mafunzo zaidi. Alipomaliza alisema hivi. Mama aliyeingiza moto autoe yeye mwenyewe, sasa hivi. Asilale mtu humo. Na nyumba hiyo, kwa kuwa imekwisha kuonja moto wa watu wetu, haiwezi kuachwa uwanjani isimame peke yake kama yatima. Iende kwa mkubwa. Ibomolewe, ipelekwe atakapochagua, isimamishwe kwa siku moja, na yeye aingie siku hiyo hiyo na mke wake na mtoto wake. Hapo mkubwa atakuwa ametangulia, na hili la leo litahesabika ni mchezo wa watoto.

"Na nani atainunua?" niliuliza.

Mzee alinitazama kama alivyomtazama yule dume asubuhi. Alinipima, hakuona ajabu kubwa, akarudi kwenye kikombe.

Mke wangu akautoa moto, nami nikamwendea bwana shamba. Alisema nyumba hiyo si ya kuuzwa, ni ya kuelimisha.

"Imeshanielimisha," nilisema. "Bei gani?"

Akasema labda maonyesho yakifungwa, mbao na mabati huwa vinauzwa kwa anayetaka, kwa bei ya kawaida. Kisha akawatazama wale watu wote waliotuzunguka, akamtazama mke wangu na mzigo wake, akamtazama mzee. Nimefanya biashara tangu nikiwa kijana na najua kabisa dakika ambayo muuzaji anagundua kwamba mnunuzi hana mlango wa kutokea. Mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa muuzaji. Bei ya kawaida ilifika mara mbili bila kupumzika, na alinieleza sababu zake kwa Kiswahili kilichopangika hivi kwamba nilikaribia kumshukuru.

Mke wangu alishuka na watoto njiani, kwao. Sikuzima hata injini.

Sasa ungefikiri kaka yangu angeharakisha. Alichukua siku tano kuchagua kiwanja. Alitembea bondeni, akapanda kilimani, akapima upepo kwa kidole. Kila jioni nilifunga duka nikala mkate na soda, mkate wa dukani kwangu, soda ya dukani kwangu, nikijiuzia mwenyewe kwa bei ya rejareja. Siku ya sita alichagua mahali palipojaa mawe. Nikaleta watu wa kutoa mawe. Mzigo ulipofika kutoka Homa Bay akagundua kioo kimoja kina ufa.

"Omera, siwezi kuanza maisha na ufa."

Nikanunua kioo.

Nikampa yule jogoo mweupe abebwe na mtoto wake wa kwanza, nikidhani hapo angalau nitaokoa kitu. Akamgeuza geuza.

"Huyu hajui saa zetu," alisema.

Nikanunua jogoo mwekundu wa kienyeji kwa mwanamke aliyekuwa amesikia habari zote na hakupunguza hata senti.

Mafundi wanne walianza kabla jua halijachomoza, na alasiri nyumba ilikuwa imesimama, na ua, na lango, hata kibao chake. Mzee alitangulia. Kaka yangu alimfuata na shoka begani, mgongo umenyooka, kofia imepigwa brashi, na mtoto wake na jogoo, na nyuma yao shemeji yangu ameshika moto kwa mikono miwili, analia bila sauti. Miaka kumi na sita na yeye alikuwa amekaa katika nyumba ya kungojea. Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilikuwa nimesimama nje ya lango pamoja na mafundi, mahali pa mdogo, na moshi ulipotoka juu ya mabati watu wakapiga vigelegele, na kaka yangu akatoka mlangoni akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Omera," aliniita. "Ingia ule kwangu."

Nikaingia nikala. Chakula kilikuwa kizuri. Nilikuwa nimekinunua.

Kesho yake nilienda kumchukua mke wangu. Mama mkwe alisema watoto wamekula vizuri siku zote hizo, akanitajia walichokula, kimoja kimoja, na mbuzi akiwemo. Jioni ile, nyuma ya duka, mke wangu aliwasha moto. Mtoto mdogo alimaliza sahani akaomba nyingine. Nilimwuliza mama yake amejifunza nini Homa Bay. Alifikiri, akasema lile jiko la kuinuliwa ni zuri kweli, mgongo haukumuuma hata kidogo, na tutakapojenga kwetu angependa moja. Fundi akaitwa.

Kaka yangu anakaa mpaka leo katika ile nyumba. Kibao hakukitoa. Watu hutoka mbali kuja kuitazama, naye huwapokea langoni, huwaonyesha chanja ya vyombo, huwafungulia dirisha na kulifunga, huwaeleza juu ya maisha bora na umuhimu wa mtu kujipanga mapema. Wakimwuliza aliwezaje, husema ni subira, na kwamba mdogo wake alimsaidia kidogo kwenye usafiri.

Usafiri huo, pamoja na viingilio vya langoni, shoka, majogoo wawili, nyumba yenyewe mara mbili ya bei ya kawaida, watu wa mawe, mafundi, kioo, karamu, mbuzi wa mama mkwe na jiko la kuinuliwa, ulinigharimu shilingi elfu moja mia nne na kumi na mbili, na senti hamsini.